Tutafutie Pa Kulala, Shemeji

Mdogo wake mke wangu anaishi Tabata, na kwa mtu wa Tabata, Rau na Serengeti ni uchochoro mmoja. Novemba alinipigia simu, hata salamu hakuimaliza: "Shemeji, Krismasi hii tukija tunapitiliza Serengeti. Wewe si uko huko huko? Tutafutie pa kulala."

Niko huko huko! Kutoka hapa Rau Madukani mpaka Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu ya mwisho ni vumbi linalokurudisha nyumbani na rangi ya mtu mwingine. Serengeti yenyewe ni kilomita za mraba 14,763, kubwa kuliko Mkoa wetu mzima wa Kilimanjaro. Kuniambia nitafute chumba Serengeti ni sawa na kumtuma mtu akutafutie chumba Kilimanjaro bila kumwambia ni Same au Siha. Lakini hayo humwambii shemeji. Shemeji anaambiwa "sawa".

Kosa langu ni anwani. Rau ya sasa kila geti lina kibao. Tangu ile filamu ya Royal Tour ya 2022, mtu akibakiwa na vyumba viwili baada ya watoto kuoa, anapaka ukuta rangi ya udongo, anatundika vibuyu vitatu, keshokutwa unasikia ni loji. Jirani yangu wa kulia ana loji. Wa kushoto ana hosteli ya vijana wa kujitolea, wanaoanika soksi juu ya mibuni. Wa nyuma aliwatoa ng'ombe bandani, akasugua sakafu siku nne, sasa panaitwa kotaji. Kuna hata wanaolipa kupelekwa Msitu wa Rau kutazama mbega, wale wale ambao sisi hatuwatazami, tunawafukuza.

Wote hao wanauza kitu kimoja: kuuona Mlima ukiwa kitandani. Na Mlima mnaujua. Alfajiri upo, saa tatu umejivutia shuka la mawingu mpaka utosini, jioni ukijisikia unachungulia kidogo. Mimi sina loji, ila dirisha la choo changu linatazama Kibo moja kwa moja, bila nguzo wala mgomba mbele yake. Fundi alikosea vipimo, akaliweka usawa wa kifua. Mke wangu anadai pazia tangu 2019. Huwa nasema kesho.

Basi nikaanza kutafuta pa kulala.

Nilianzia kwenye kambi za mahema, nikidhani ndizo za watu wa kipato chetu. Huku kwetu ukiona turubai uani, ama ni msiba ama ni harusi, na kwa vyovyote halali mtu humo, labda kijana wa kulinda viti vya kukodi. Kumbe kule mbugani mambo yamegeuka: unaweza kupata chumba cha kuta za mawe kwa nafuu, halafu hema likakushinda bei. Nikasoma maelezo ya hema mojawapo. Kitanda cha futi sita, zulia, meza ya kuandikia, na bafu la ndoo. Nikarudia kusoma. La ndoo. Unamwambia kijana utaoga saa ngapi, anachemsha maji, anayamimina kwenye ndoo iliyoning'inizwa nyuma ya hema, wewe ndani unafungua bomba, unajipaka sabuni mbio mbio kabla hayajaisha. Bei ya usiku mmoja wa raha hiyo ingelipa ada ya muhula ya kitindamimba wangu. Na huyo kitindamimba anaoga kwa ndoo kila mara mabomba ya Rau yanapokauka, wala sijawahi kumsikia akishukuru.

Halafu ikaja hesabu. Bei ya mbugani si ya chumba, ni ya kichwa, tena kichwa kinacholala na kichwa kingine. Kichwa kikilala peke yake kinaongezewa. Tulikuwa tunakwenda na mama mkwe, mjane wa Uru. Nilipomfikia kwenye karatasi, mke wangu akaniangalia kama vile sheria hiyo nimeitunga mimi.

"Yaani wanamtoza mama kwa sababu baba alikufa?"

Tukasema alale na shemeji. Shemeji akakataa kwa simu: mama husali rozari saa kumi usiku, tena kwa sauti. Basi alale na wajukuu. Kambi ikajibu kwamba watoto wa chini ya miaka sita haiwapokei, kwa kuwa haina uzio na fisi hupita. Nikaona hapo angalau wamesema ukweli. Kambi nyingine ikaeleza kwamba usiku hutoki hemani bila kumwita askari kwa tochi. Mama mkwe aliposomewa akauliza, "Mkwe, nilipe hela niombe na ruhusa ya kwenda msalani?"

Simu ya loji iliyofuata aliipokea binti mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akaendelea na Kiingereza. Tukaenda hivyo dakika tano, kila mmoja akishika njia yake, akanitajia dola ambazo nilizisikia mpaka kwenye magoti. Lakini katika kutaja "three" alivuta ulimi kwa namna ambayo haifundishwi shuleni. Nikamrushia salamu ya Kichaga, "Shimboni?" Kimya. Kisha kicheko kikubwa, na, "Jamani baba, si ungesema wewe ni wa nyumbani!" Kumbe bei ya Mtanzania ipo, tena kwa shilingi, ila haitajwi mpaka uiulize. Ilikuwa chini ya nusu. Kwa bahati mbaya, tarehe zetu vyumba vyote vilikuwa vimejaa.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mtaani, dereva wa watalii, aliyekuja kudai ngazi yake niliyokaa nayo tangu Pasaka. Nilikuwa nimeanza kuulizia Kogatende, kaskazini kabisa, maana shemeji aliona kwenye televisheni nyumbu wakivuka mto na mamba wakiwasubiri. Akaniangalia kwa huruma.

"Meku, Desemba ukienda Kogatende, mto utaukuta. Hao nyumbu wanavuka Mara kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi. Sasa hivi wanashuka kusini, Ndutu, wakazae." Akaweka ngazi begani. "Wateja huchagua kitanda kwanza, halafu wanashangaa wanyama wamelala kwingine. Na ukipiga simu, usihangaike na nyota. Uliza kutoka kitandani mpaka kwa wanyama ni saa ngapi."

Nikamweleza shemeji kwamba nyumbu wa Desemba wanakwenda kusini. Akakasirika, kana kwamba wamemkwepa yeye. Na yeye wakati huo alikuwa kwenye foleni stendi ya Magufuli, akipigania tiketi za basi la kuja kaskazini pamoja na Wachaga wote wa Dar es Salaam.

Serengeti ikafa polepole kwenye karatasi yangu ya hesabu. Ikabaki Ngorongoro. Kule chini ndani ya kreta halali mtu. Jioni magari yote yanapanda, mita kama 600 za kona. Kwa hiyo unachagua: hoteli za ukingoni, ambazo kioo chao cha dirisha tu kinanizidi mshahara, Karatu, nje ya geti, penye vyumba vya watu kama mimi, au kambi ya umma hapo hapo ukingoni, unakuja na hema lako. Tukachukua Karatu usiku mmoja na kambi ya umma usiku mmoja, kwa sababu watoto walilia wanataka hema.

Mifuko ya kulalia niliazima kwa mgumu mmoja wa hapa Rau, anayebeba mizigo njia ya Machame. Wangu ulinuka mafuta ya taa, kitunguu, na miguu ya taifa ambalo sikulitambua. Ukingo ule uko karibu mita 2,300, na baridi yake haina adabu. Lakini baridi haikuwa shida. Shida ni kwamba mama mkwe alikuwa hema la pili, hatua tatu kutoka langu, na kati yetu ni nailoni tu. Nyumbani kwangu mama mkwe akija nakohoa kwa mpango. Pale nililala chali usiku kucha, nimebana kila kinachobanika, nikisikiliza rozari ya saa kumi kuanzia kanuni ya imani.

Alipofika fumbo la tatu, akanyamaza. Nje kulikuwa na sauti ya kitu kikinywa. Si kulamba, kunywa, kama mtu anayevuta lori zima la maji kwa mrija. Nikafungua zipu kidole kimoja. Tembo dume, peke yake, amesimama kwenye tangi la maji la kambi, mkonga umezama humo, masikio yakipepea taratibu, hana haraka na mtu. Hapo ndipo nilipokumbuka chai niliyokunywa jioni. Vikombe vitatu.

Asubuhi bomba lilitoa hewa. Mama mkwe alisimama mbele yake na mswaki.

"Rau nako maji hukatika," alisema, "ila huwa hatumjui anayeyakata."

Krismasi alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa watu saba kwenye foleni mlangoni pa choo changu, mama mkwe wa pili, mimi wa mwisho kama mwenye nyumba. Shemeji alikuwa ndani. Robo saa nzima. Tulimsikia akisogeza ndoo, akipanda juu ya kitu, akishuka. Alipotoka alikuwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyetoka kwenye maono. Mlima ulikuwa wazi wote, theluji mpaka chini ya Kibo, na yeye alishaupiga picha kupitia dirisha lisilo na pazia na kuituma kwenye kundi la kazini.

"Shemeji, ona huyu bosi wetu anauliza."

Nilisoma nikiwa nimebana miguu. Bosi alitaka kujua panaitwaje hapo, na usiku mmoja ni kiasi gani.

"Mwambie bei ni ya kichwa," nikasema, nikawapita wote sita, nikafunga mlango.