Tupeni Leseni ya Kutega Paka wa Pori

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA LESENI YA KUTEGA PAKA WA PORI KWA BURUDANI

Ninaishi Pipeline, Embakasi, ambako majumba yamebanana hadi jua huingia kwa zamu. Mimi ni mpangaji wa kawaida, orofa ya saba, bila lifti. Naandika kwa niaba ya wakazi kadhaa wa Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, ambao tumekaa kikao tukaona kwamba jambo moja tu ndilo linalotunyima hadhi ya nchi zilizoendelea: haturuhusiwi kunasa wanyama kwa kujifurahisha.

Tumechunguza wenzetu wanafanyaje. Jimbo la Colorado, Marekani, lina paka wa pori aitwaye bobcat, mwenye mkia mfupi na madoadoa tumboni. Ukilipia leseni, unamtegea kizimba, unamnasa akiwa hai, kisha unamuua kwa uangalifu mkubwa, maana ngozi ikitoboka bei inaanguka. Ngozi hiyo husafiri hadi ng'ambo ikawa koti la mtu asiyejua baridi ya kungoja matatu saa kumi na moja alfajiri. Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa kama mchezo huo ukome. Wengi walisema la. Texas nao hawana hata msimu wa kumpumzisha bobcat; mwaka mzima huwindwa. California, watu wenye huruma iliyopita kipimo, walipitisha sheria ya kuzuia uwindaji wake mwaka 2019. Tafadhali msitupeleke njia ya California.

Sifa tunazo. Mtoto wa Eastlands hujua kutega kabla ya kujua kusoma. Panya wa ploti yetu ametegewa gundi, kizimba, mtego wa springi na ugali uliotiwa dawa, na bado jioni anapanda ngazi kama mpangaji asiye na deni. Kutegwa pia tumekuzoea. Deposit ya nyumba, kwa mfano: kuiingiza ni rahisi, kuitoa hujawahi kusikia.

Vifaa havitaisumbua bajeti yako. Waya wa breki ya pikipiki unatosha, au kipande cha fensi kilichoachwa na fundi. Kinakunjwa tanzi, kinafungwa kwenye kijia cha swala, kinafichwa nyasini, mtu anaenda zake kunywa chai. Uzuri wa tanzi ni kwamba halina ubaguzi. Limewekewa swala, lakini swala akinaswa akaanza kulia usiku, fisi atakuja, chui atakuja, naye paka wa pori aitwaye mondo, aliyekuwa anapita na shughuli zake, atatia mguu. Kadiri mnyama anavyovuta ndivyo waya unavyokaza. Wapo wanaoukata na kuondoka nao shingoni, ukaingia nyamani wiki baada ya wiki mpaka usaha unatoka. Burudani iko sehemu gani hapo bado hatujaiona, lakini tunaamini mkitupa semina tutaelewa.

Ninyi waheshimiwa mmejaribu kutusaidia, hilo hatulisahau. Tangu Mei 1977 uwindaji umepigwa marufuku nchini, na Machi 1978 biashara ya ngozi na pembe nayo ikafungwa. Kabla ya hapo mtalii aliingia dukani katikati ya Nairobi akatoka na chui begani, kama anavyotoka leo na kikoi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao ungeurudisha uwindaji wa starehe. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Mwaka 2018 Wizara yako ikaunda jopo la kutazama kama wanyamapori wanaweza kuvunwa. Kuvunwa, Mheshimiwa! Sisi tulidhani kinachovunwa ni mahindi. Hata hivyo tunawapongeza kwa kutokata tamaa.

Utauliza kama paka wenyewe wapo. Wapo. Tukipanda kwenye paa kuanika nguo, upande wa kusini, ng'ambo ya Mombasa Road, ndiko iliko Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117. Simba na chui hatuwataki sana, hao wana wapiga picha wao. Tupeni wadogo: mondo mwenye masikio makubwa, anayeruka juu na kutua juu ya windo kwa miguu ya mbele, simbamangu mwenye vishungi masikioni, na kimburu, ambaye ukimkuta jioni utasema ni nyau wa jirani. Wakipungua, hakuna kituo cha runinga kitakachokatiza taarifa ya habari.

Ombi lilikuwa limekamilika, likabaki kupigwa muhuri, ndipo mwalimu mmoja mstaafu wa Buruburu alipotuharibia. Alisimama kikaoni akauliza kama tunajua mondo anakula nini. Tukanyamaza. Akasema chakula chake kikubwa ni panya. Watu ambao panya wamewashinda, akasema, wanaomba leseni ya kumuua anayewala? Keateka wa ploti yetu akataka kujua kama mondo mmoja anaweza kupatikana kwa mkopo. Kikao kikavurugika.

Mwalimu hakukoma hapo. Alitukumbusha Juni 2012, simba 6 walipouawa Kitengela baada ya kuvamia mbuzi wa watu. Wale wafugaji, alisema, walikuwa na uchungu, mali yao imeliwa. Na huko huko Kitengela mtoto wa miaka 11, Richard Turere, aliunganisha betri na taa zinazomweka kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake, simba wakaogopa kusogea. Ikiwa mwenye ng'ombe aliyeliwa amepata njia isiyoua, sisi wa orofa ya saba tuna kisasi gani na simbamangu?

Hakuna aliyemjibu, nami sijapata jibu mpaka leo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi la leseni tumeliondoa. Mahali pake tunaomba mambo ambayo hayana burudani hata kidogo.

Marufuku ya 1977 iacheni ilivyo, na jopo jingine msiunde. Nyavu na waya havitoki nyasini kwa hotuba: huko Tsavo, tangu 1999, vikosi vya shirika la uhifadhi la Sheldrick Trust hutembea na askari wa wanyamapori wa KWS wakiokota matanzi kwa mikono. Waajirini vijana wa Embakasi, Athi River na Kitengela wafanye kazi hiyo hiyo huku kwetu, walipwe kila mwisho wa mwezi kama watu wengine wa kazi. Na kwa kuwa mpaka wa kusini wa mbuga hauna fensi, uwanda wa Kitengela usiendelee kukatwakatwa ploti za futi 50 kwa 100 mpaka mnyama akitoka mbugani ajikute kwenye sebule ya mtu, kisha yeye ndiye aitwe mvamizi.

Jibu tunalitaka kwa maandishi, na kabla ya mswada mwingine kufika Bungeni.

Wako mtiifu,
Mpangaji, Pipeline

Nakala kwa: mbunge wetu, ambaye huonekana Embakasi mara chache kuliko chui.