Petroli ya Kuambiwa

Kenya, bei ya petroli ni habari ya mara moja kwa mwezi. Tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutoa tangazo lake, watu hulaumu mpaka saa sita za usiku bei mpya zinapoanza, halafu kila mtu hunyamaza akasubiri mwezi mwingine. Ukipita vituo vitatu vya mafuta Mombasa, tofauti kubwa utakayoikuta ni rangi ya fulana za wahudumu. Hakuna anayemuuliza mwenzake, "Wewe umejaza wapi?"

Huku Minnesota, Marekani, kila mwenye kituo hujipangia bei yake. Anaweza kuibadilisha asubuhi na akaibadilisha tena jioni, kwa kuwa tu jirani yake wa ng'ambo ya barabara kafanya hivyo. Na kila bei ina kimkia chake cha tisa juu ya kumi ya senti, sarafu ambayo hakuna mtu amewahi kuwa nayo mfukoni. Si ajabu basi kwamba GasBuddy, mojawapo ya programu kongwe za madereva kupashana habari za bei, ilianzishwa hapa hapa Minneapolis mwaka 2000. Siku hizi ziko kadhaa. Ninayoitumia mimi siitaji, kwa sababu nina maneno nayo.

Kazi yake ni rahisi. Ukipita kituoni unaandika bei uliyoiona, wenzako wanaisoma kwenye ramani, nawe unapewa pointi. Pointi zikishajaa unaingia kwenye bahati nasibu ya kushinda mafuta. Shida yote imelala kwenye hizo pointi. Mtaani kwetu kuna mtu aliyeweka picha ya samaki badala ya sura yake. Sisi nyumbani tunamwita Bwana Samaki. Saa kumi na moja alfajiri, theluji iko magotini, yeye ameshatangaza bei za vituo vyote kutoka mtoni mpaka uwanja wa ndege. Mimi nasema huyu mtu hajatoka kitandani. Anachukua bei za jana, anazithibitisha vile vile zilivyo, anavuna pointi zake, kisha anageukia upande wa pili na kuendelea kulala.

Kuna siku alitangaza petroli ya kawaida kwa dola 2.29, na mji mzima ulikuwa umevuka dola tatu. Tulimiminika pale kama watu waliosikia msiba, foleni ikatoka mpaka barabara kuu. Bei yenyewe ilikuwa ya kweli, tena imeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Ila ilikuwa bei ya E85, mafuta yenye ethanoli nyingi ambayo huku hutengenezwa kwa mahindi, na ambayo gari lisiloundwa kwa ajili yake hupaswi kulitilia. Minnesota ni mojawapo ya majimbo ya Marekani yenye vituo vingi zaidi vinavyoyauza, kwa hiyo mtego huu hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Mzee mmoja wa Kisii alishuka kwenye gari lake, akausogelea mpini wa manjano wa pampu, akausoma kwa miwani na tena bila miwani.

"Mahindi!" akasema. "Yaani nimetoka Brooklyn Park kuja kulinunulia gari uji?"

Kuna pia bei ambazo ni za wanaolipa taslimu peke yao, na zile za wenye kadi ya uanachama, na zile ambazo kwanza ununue huduma ya kuoshewa gari. Haya hujulishwi na ramani. Unayajua ukiwa umeshazima injini.

Mke wangu ni mtu wa hesabu, kwa kazi na kwa tabia. Jioni moja nilirudi nimejaza tangi, nina furaha yangu.

"Umeokoa ngapi, baba watoto?"

"Senti kumi na mbili kila galoni."

Akaichukua risiti, akaipindua, akaanza kuandika nyuma. Galoni 14, hiyo ni dola moja na senti 68. Kwenda na kurudi maili 18, na gari letu huenda maili 28 kwa galoni. Petroli niliyoichoma njiani ilikuwa ya dola mbili kasoro senti moja.

"Pole na safari," akasema.

"Hujanihesabia pointi."

Akaipindua tena risiti, upande wa mbele. "Na wewe hukunitajia donati."

Mtu mwenye akili timamu angeifuta programu usiku ule ule. Lakini mimi naona Wamarekani wengi wana ugonjwa huu, nami nimeupata kwao. Mei 2021, wadukuzi walipoisimamisha kampuni ya bomba la Colonial linalopeleka mafuta majimbo ya mashariki, GasBuddy ilipanda ikawa ya kwanza kwa kupakuliwa kwenye simu za Apple. Watu walikuwa wakiambiana kituo gani kimekauka na kipi bado kina tone. Wakajaza matangi, wakajaza madebe, hata tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ikalazimika kuwaomba wananchi wasitie petroli kwenye mifuko ya plastiki. Nikikumbuka tangazo lile, donati zangu naziona si kitu.

Kisa kilichonikata maini kilitokea kwenye kituo kimoja kidogo ambacho bado kina bao la zamani, lile la tarakimu za kubandikwa kwa mkono. Ramani ilisema 2.98, na bao lilisema 2.98. Mbele yangu lilibaki gari moja. Akatoka kijana wa kituo na mti mrefu wenye kikombe cha mpira nchani. Foleni nzima ikanyamaza. Akaunyanyua mti, akainyonya ile 2, akaishusha, akapandisha 3. Tukaguna. Akaja kwenye 9, akaweka 1. Ile 8 ikamgomea, upepo unaivuta huku, yeye anaivuta kule, na mama mmoja nyuma yangu akateremsha kioo cha gari akapiga kelele, "Mwanangu, ngoja basi, tumebaki wawili watatu!"

"Mimi nabandika namba tu, mama," kijana akajibu, macho yako juu. "Bei imeshapanda zamani huko ndani."

Nikatazama simu. Bwana Samaki alikuwa ameithibitisha ile 2.98, dakika moja iliyopita.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayaona haya yote kuwa ushamba. Yeye alinunua gari la umeme na akatutangazia kwamba ameachana na bei kabisa. Sasa ana programu nyingine, ambayo wenye magari ya umeme huelezana mashine za kuchajia ziko wapi na zina hali gani. Bei humo hazisomi. Anasoma maoni, kwa sauti, mezani, kama anayesoma gazeti. Mashine ya kwanza skrini imekufa. Ya pili imezibwa na pikapu ya dizeli tangu asubuhi. Ya tatu ni nzima, lakini waya ushikwe.

Januari ndipo nilipojua maana ya waya ushikwe. Ilikuwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na yeye alikuwa amezima hita ili chaji itufikishe. Tulisafiri tumejifunika blanketi moja, watu wazima wawili. Nilipoitaja Chicago, ambako Januari 2024 magari ya umeme yalikwama kwenye foleni za kuchajia kwa baridi, aliniambia nisilete mikosi ndani ya gari lake. Tukaifikia ile mashine ya tatu. Akachomeka, haikushika. Akachomoa, akachomeka, haikushika. Akaniangalia.

"Shemeji, hebu inua kidogo kwa bega."

Nikaweka bega chini ya waya. Taa ikawa kijani. Nikalegeza, ikazima. Mashine yenyewe imeandikwa kilowati 150, lakini kwa betri iliyoganda ilikuwa ikitoa chini ya 30, na yeye karudi ndani ya gari, kawasha hita, ananinyooshea dole gumba nyuma ya kioo. Kila asilimia tano alikuwa akinionyesha kwa vidole. Kwenye 80, pale ambapo chaji huanza kwenda kwa kusuasua hata siku ya jua, nilimwambia mimi natoka.

Usiku huo, vidole viliponirudia, niliandika maoni yangu ya kwanza kwenye programu yake: "Ya tatu inafanya kazi. Njoo na mtu wa kushika waya."

Kesho yake kulikuwa na jibu chini yake, kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Nimekuja na mama mkwe. Imekubali."