Tunaomba Kusajiliwa Kama Ng'ombe

Kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Barabara,
Ofisini kwako.

YAH: MAOMBI YA KUSAJILIWA KAMA NG'OMBE

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi ni marafiki wa Sumbawanga. Siku za mapumziko tunaendesha baiskeli hadi Kasanga, kilomita 112, tukiiacha Ufipa na baridi yake na kuteremkia Ziwa Tanganyika, karibu mita 1,000 chini. Kurudi tunapakia baiskeli kwenye Fuso, wala hatuoni aibu. Lami tumeiona, tunashukuru.

Shida ni honi. Basi likitokea nyuma, honi. Likitokea mbele limechomekea lori, honi na taa. Maana yake tokeni, nasi tunatoka, tunasimama kwenye changarawe hadi wakubwa wapite. Gari la serikali likionekana, tunashuka hata kabla ya kupigiwa. Tumefundishika.

Mbele ya Matai basi moja lilitutoa barabarani. Kwenye kona iliyofuata tukalikuta limesimama, limezima honi, abiria wametulia. Katikati ya lami alikuwepo ng'ombe, anacheua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba hereni, zile zile za kielektroniki wanazovalishwa ng'ombe. Tuvalishwe sikio la kushoto, maana la kulia tunalitumia kusikilizia mabasi. Tupewe kibali cha kusafirisha mifugo kutoka Sumbawanga hadi Kasanga, na kila kizuizi kitukague kwato. Kengele tunazo tayari. Tunaomba pia mchungaji mmoja, hata mtoto, mradi awe na fimbo. Tumeona fimbo ikiinuliwa basi linafunga breki, jambo ambalo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haijawahi kutufanyia. Josho tutaingia bila kusukumwa. Wanaoogopa maji wataingia kwanza.

Ng'ombe akigongwa, mwenyewe anafika, bei ya mnadani inajulikana, dereva analipa. Akigongwa mtu wa baiskeli, anaulizwa yeye, hata kama hawezi tena kujibu: barabarani alifuata nini? Na wala hatujisemei sisi wenye mapumziko. Yupo mkulima mwenye gunia la mahindi nyuma ya baiskeli. Yeye hatembei kujifurahisha, hiyo ndiyo njia yake ya sokoni. Akishushwa na gunia lake, hapandi tena mpaka apatikane wa kumshikia. Mnamjua. Mnampita kila siku, vioo vimefungwa, na vumbi lenu analila yeye.

Samahani, Mheshimiwa. Tumetoka nje ya mada.

Mengineyo ni madogo: rasta ziachiwe mwanya wa tairi moja, kingo za lami zilizomeguka zizibwe kabla hazijatumeza, kokoto za viraka zifagiliwe. Na wageni wanaotuita wachawi waelezwe kwamba tungekuwa na ungo wa kuruka kama wanavyotusimulia, tusingekuwa tunapigiwa honi na mtu yeyote.

Tuko tayari kwa uhakiki siku yoyote ya mnada. Tunaomba tu tusipimwe uzito baada ya kufika Kasanga.

Wako mtiifu,
Katibu, kwa niaba ya kundi

Nakala: Bwana Mifugo, kwa maandalizi ya josho.