Baba Yuko Geita

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, steshenari za hapa Kasulu hugeuka baraza la ukoo. Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, na Bodi ya Mikopo inataka kujua jambo dogo tu: wazazi wake ni nani, na wako wapi.

Dogo kwa wenzetu. Shemeji yangu aliaga kwao Kibondo akaenda Geita kutafuta dhahabu, na tangu hapo salamu zake huletwa na watu waliomwona mtu anayefanana naye. Kijana wa steshenari akauliza bila kuinua macho:

"Baba yuko hai au amefariki?"

"Yuko Geita," dada akajibu.

"Mama, hapa pana hai na marehemu tu."

Dada akatafakari, kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuipenda: "Marehemu anatakiwa alete nini?"

Cheti cha kifo, kilichohakikiwa na RITA. Basi shemeji akaendelea kuishi, kwa kukosa cheti.

Likaja suala la jina lake shemeji. Nyumbani anaitwa Bukuru, maana ni kulwa kwa mwenzake Butoyi. Kanisani ni Yohana. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karani aliandika alichosikia, na siku hiyo inaelekea mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu cheti kinasema binti kazaliwa Wilaya ya Kibondo, ilhali kijiji chao sasa kiko Kakonko, wilaya iliyomegwa mwaka 2012. Kijiji hakijasogea hata hatua moja, lakini jaribu kumweleza mtu wa dirishani.

Mdhamini alikuwa baba yake mkubwa. Huyu alifika na kitambulisho cha NIDA kwenye mfuko wa nailoni, akakishikilia kama hati ya shamba.

"Huyu mtoto asipolipa, watakuja kuchukua ng'ombe wangu?"

Nikamweleza kwamba mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

"Na asipoajiriwa?"

Kijana wa steshenari akakumbuka ghafla kwamba printa imeishiwa karatasi.

Ikabaki saini ya mwenyekiti wa kijiji. Mzee wa watu alitupokea vizuri, akasaini, akatoa muhuri kwenye soksi. Kidau kilikuwa kimekauka. Akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwa uzito wake wote, ukatoa maneno mawili: "OFISI YA". Akarudia pembeni, ukatoa tarehe ya mwaka jana. Mpwa wangu alikuwa anatazama ukutani, midomo inamcheza, na sikujua kama ni kicheko au kilio.

Mwenye mtoto kidato cha tano asingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Chukua cheti chake leo, soma majina herufi kwa herufi, tena mbele ya shangazi anayeyajua yote. Na kama uko Geita, piga simu nyumbani. Tunahitaji namba yako ya NIDA.