Korongo Hana Adabu

Familia moja ya Gesima ilikodi matatu, ikapita Keroka na Kisii mjini hadi mbuga ya Ruma, bonde la Lambwe, kumwona korongo, yule swala mkubwa. Porini Kenya, kabaki huko tu. Chapati zilipikwa usiku kucha, utadhani wanakwenda kumposea mtu.

Kilomita za mraba 120 za nyasi, na korongo hakujitokeza. Mbung'o ndiye aliyewalaki, mmoja mmoja, hadi shingoni.

Nyanya akauliza: “Nguchiro akila kuku wangu mnamtupia mawe. Huyu hata hajatoka kutusalimu, na mmemlipia kiingilio?”

Baba alikuwa akipiga picha matako ya twiga, mbali kabisa. Jioni aliituma kwenye kundi la ukoo: “Korongo huyo!”