Wapenzi wa Wimbo Usiojulikana

Kuna watu Kiringye, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, ambao wamechoka kabisa na "Loi". Wimbo wa 1997, wanasema, sasa umetosha. Wanachodai ni kwamba mwenye wimbo huo, mwanamuziki Koffi Olomidé, akipanda jukwaani arudi nyuma hadi "Ngounda" ya 1983, kabla jina lake la utani, Mopao, halijawa kubwa kuliko tungo zake.

Dai ni la haki. Mtunzi mwenye albamu za kujaza kabati hana sababu ya kuimba zilezile kila mwaka. Ila wajuzi wetu hawa nimewatazama. Jioni, mwenye baa akiwawekea wimbo wa zamani, wa polepole, wanatikisa vichwa kwa heshima kwa dakika moja. Kisha mmoja anaenda kukojoa, wa pili anashika simu, wa tatu anaanzisha habari za bei ya muhogo. Igonge "Loi" tu, hata mwenye goti bovu utamkuta katikati ya uwanja.

Na Mopao akikubali, muda autoe wapi? Kuna sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, kuna wacheza shoo, kuna mabanga, yaani majina ya wakubwa waliotoa pesa ili watajwe, nayo hayarukwi. Basi, wazee wangu, changeni. Mlipeni awataje ndani ya wimbo mmoja wa 1983. Huo mtausikiliza mpaka mwisho, kila mtu akingojea jina lake.