Chambo Kinachomnasa Mvuvi

Simama mbele ya ukuta wa vyambo bandia katika duka la vifaa vya uvuvi kule Marekani, utaona wazi kwamba samaki hakuulizwa. Kuna vibati vya dhahabu vinavyozunguka, visamaki vya plastiki vilivyotoa macho, vya waridi, vya zambarau, na vingine vyenye madoadoa ambayo hakuna kiumbe wa mto aliyewahi kuzaliwa nayo. Samaki huyo, yaani trauti, hana pochi. Mwenye pochi ni binadamu aliyeduwaa pale mdomo wazi, naye ndiye anayevuliwa kwanza. Nashikilia kwamba majira ya joto, Juni hadi Agosti, rangi ya chambo ndilo jambo la mwisho la kuulizia, ingawa ndilo la kwanza kumaliza fedha.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakiwa nyuzi 12 hadi 18 za Selsiasi anastarehe. Yakipita 20 anahangaika. Yakikaribia 25 anapigania roho yake. Isitoshe, maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: lita moja ya nyuzi 10 hushika miligramu 11 hivi, ya nyuzi 20 hushika 9, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai pumzi zaidi. Kumpitishia kibati cha waridi saa nane mchana ni sawa na kumtembezea chapati mtu aliyezimia. Katika jimbo la Montana, maji yakifika nyuzi 23 hivi siku tatu mfululizo, serikali huweza kupiga marufuku uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Marufuku hiyo haibagui rangi ya chambo.

Mtaniambia: mbona vyambo hivyo vinavua? Vinavua, sikatai, lakini tazama asili yake. Husimuliwa kwamba Julio Buel wa Vermont aliponyokwa na kijiko ziwani, akaona samaki akikivamia. Mwaka 1852 akapewa hataza ya chambo cha kijiko. Lauri Rapala wa Ufini, mwaka 1936, alichonga kizibo, akakivika karatasi ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Alichokuwa akiiga ni ule mwendo wa kuyumba wa kisamaki kilichojeruhiwa. Kijiko cha mezani na karatasi ya chokoleti havikupita kwa mtaalamu wa rangi yeyote. Kilichovua ni mwendo na mng'ao.

Anayetetea rangi ana haki kidogo mto ukichafuka baada ya mvua, maana hapo rangi kali au nyeusi tii huonekana upesi. Ila nyekundu ndiyo hupotea mapema kadiri unavyozama, hivyo ile nyekundu ya bei mbaya, ikifika chini ziwani, ni kijivu tu. Nao mto wa kiangazi huwa mwembamba na mwangavu, na trauti anakula sisimizi na panzi walioanguka majini. Chambo cha gramu 2 au 3, cha rangi ya shaba, kinatosha. Kirushe ukiwa nyuma ya samaki, kwani yeye hukaa kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Hata wale wa Mto Gura huko Aberdare, Kenya, ambako trauti waliletwa mwaka 1905, wana maji baridi ya mlima, lakini kiangazi wanakuona vilevile.

Tena vyambo vingi ni ndoana nyingi, nazo huanza kuvua kofia, mkono wa shati na tawi la mti. Ukivuta kimoja chenye ncha tatu sandukuni, hutoka na jamaa zake sita wameshikana mikono.

Basi ukiingia dukani, nunua kwanza kipimajoto. Kikisoma 20, kunja mshipi urudi alfajiri. Muuzaji akikushawishi uchukue kile cha zambarau, mpelekee mtoto achezee, ila ng'oa ndoana kwanza.